Mbwa Aliyeitwa Rudisha

Jumatatu, 6 Januari 2025

Kutwa mvua. Mianzi imeanza kutoa. Asubuhi nimekwenda kukata ncha za machipukizi kama alivyokuwa akifanya mume wangu Liberatus, nikakuta mbeta ya kwanza, kipande cha mwanzi cha kukingia, imejaa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hadi mdomoni. Nimeonja, mtamu. Nimekaa pale pale chini ya mianzi nikalia kidogo, halafu nikarudi kuinjika maharage.

Miaka yote niliyokuwa nesi hospitali ya misheni niliandika ripoti kila nilipotoka zamu, na nikifika nyumbani nilimsimulia mume wangu yale yasiyoandikwa kwenye ripoti. Tangu tumzike mwezi wa nane sina wa kumsimulia. Basi nitaandika yote.

Jumapili, 12 Januari

Mbeta mbili tupu. Mianzi haijaacha kutoa, ncha zilikuwa zikidondosha mbele ya macho yangu. Kuna mtu anakunywa.

Jumanne, 14 Januari

Tena.

Alhamisi, 16 Januari

Tena, na safari hii hata ile iliyo karibu na mfereji. Akina mama wa kilabuni nimewapelekea ndoo isiyofika nusu, na mmoja ameniuliza kama siku hizi nakunywa mwenyewe. Nimecheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Usiku kuna mtoto analia upande wa bondeni. Kilio kirefu, kinapanda na kushuka. Kwa sikio langu la wodi ya watoto, huyo ana msokoto wa tumbo. Sijui ni wa nani na kwa nini hawamleti nimtazame.

Jumamosi, 18 Januari

Nimemwona.

Kulikuwa na ukungu, nimetoka kuchukua kuni, nikamwona Sosthenes ameinama kwenye mianzi yangu, kisu mkononi, anachungulia ndani ya mbeta. Sosthenes, jirani yangu. Mianzi yake na yangu inatenganishwa na mfereji tu, anaouruka bila kuvua viatu. Alibeba jeneza la mume wangu bega la kushoto. Binti yake Severina nilimpakata mimi siku ya ubatizo, mimi ndiye mama yake wa kanisani.

Nimerudi nyuma ya jiko nikasubiri aondoke. 

Kwa nini sikumwita? Kwetu huku mtu mzima haambiwi mwizi usoni. Ukimwambia, lazima uitishe wazee, useme mbele ya watu, na ushahidi wako ukipwaya unaumbuka wewe. Ndiyo maana watu wanafuga mbwa. Mzee Abrahamu wa kule juu aligombana na kaka yake kuhusu shamba, ana mbwa anaitwa Hukuniuliza, na kaka mtu anajua anaambiwa yeye kila jioni mbwa anapoitwa kula. Mke wa mwenyekiti wa kitongoji alikuwa na mbwa wake akimwita Wataachana, akiwajibu waliomsengenya yeye na mumewe. Yule mbwa alikufa kabla hao wenyewe hawajaachana.

Mimi sijawahi kufuga mbwa. Nitafuga.

Jumamosi, 25 Januari. Mbeya

Nimekuja kwa mwanangu Philbert. Ni fundi umeme, na kazi yake ya mwezi huu iko kwenye kituo kimoja nyuma ya Uyole, wanakolea mbwa waliotupwa. Nilipomwambia nataka mbwa wa kulinda akasema mama, usinunue mtoto wa mbwa sokoni, twende pale uchukue mkubwa.

Harufu ya ugali wa pumba na dagaa. Mwenye kituo ni mama wa Kinyakyusa, Anyelwisye, mabuti ya mvua hadi magotini. Aliposikia natoka Iringa akanitania ule utani kwamba Wahehe tunakula mbwa, ambao nimeusikia tangu chuo cha uuguzi. Sikucheka, naye akaona, akasema nisamehe mama, ni mdomo tu.

Mbwa wote waliruka wakabweka isipokuwa mmoja. Mwili ni wa mbwa wa polisi, miguu sijui aliazima wapi, mifupi kama ya kigoda. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Walimwokota Makongolosi, kambi ya wachimbaji ilipohama ikamwacha. Nilitaka mkali. Huyu akaja taratibu akaweka kichwa juu ya kiatu changu akatulia, na watu wote wanatutazama. Niliona aibu kumsukuma. Hivyo ndivyo nilivyompata.

Nimeuliza jina lake. Anyelwisye akasema, "Hapa hatuwapi majina, mama. Jina la nyumbani ndilo litakuwa lake. Huyu ni mtu mzima, ametupwa mara moja, ana wasiwasi. Akishakubali jina ameshakubali, hutaweza kumbadilishia."

Nikamwambia jina ninalo tayari.

Jumapili, 26 Januari

Safari nzima nyuma ya pikapu ya rafiki yake Philbert, mimi na mbwa na magunia ya viazi. Mafinga tumesimama kati ya malori ya mbao, mbwa akanitapikia kwenye kitenge. Kijana mmoja juu ya magogo akaniuliza, "Mama, hiyo ni mbwa au benchi?" Wakacheka hadi wa kwenye lori jingine. Sijawahi kuona aibu barabarani namna ile.

Jumatatu, 27 Januari

Jioni, wakati kila mtu yuko uani kwake, nimesimama kwenye mfereji na bakuli la ugali nikaita kwa sauti yangu ya wodini.

"Rudisha! Rudisha! Njoo!"

Mbwa hakujua ni yeye. Lakini upande wa pili Sosthenes aliyekuwa akipasua kuni alisimamisha shoka. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 31 Januari

Ameshajua jina. Anakuja mbio nikiita, masikio yote mawili yanajaribu kusimama. Naita asubuhi, naita mchana, naita jioni mara nyingi zaidi.

Jumanne, 4 Februari

Mbeta tupu, mbwa kando yake. Hakubweka hata kidogo. Nilimkuta amekaa chini ya mianzi anaangalia juu kama mtu anayesubiri mvua.

Alhamisi, 6 Februari

Anaangalia juu. Nimemgeuza kichwa kwa mikono yangu nikamwonyesha njia ya kwa Sosthenes. Mwizi anapita chini, wewe. Akanilamba kidole.

Jumapili, 9 Februari

Leo ameniumbua. Tunatoka misa ya kwanza, watu wamejaa njiani, mbwa akawapita wote akaenda kumlalia Sosthenes miguuni. Sosthenes akamkuna shingo. Mzee Abrahamu akasema kwa sauti kwamba mbwa wa Nesi anamfahamu sana mzee huyu, sijui wanaonana wapi. Watu wakaangaliana. Mama Seve, mke wa Sosthenes, akashika njia bila kuniaga.

Nilimwonea aibu mbwa wangu. Nimeleta mlinzi kutoka Mbeya, anakwenda kubusiana na mwizi.

Jumatano, 12 Februari

Mvua. Mtoto analia tena huko bondeni.

Ijumaa, 14 Februari

Kilabuni hawaniulizi tena kama nakunywa. Wananiuliza kama amerudisha. Sijataja jina la mtu, mtu yeyote anaweza kuapa kwamba sijataja.

Jumatatu, 17 Februari

Severina alipita kunijulisha kwamba Jumamosi wanakuja washenga kutoka Mafinga. Kijana ni seremala, anaitwa Didas, baba yake mzee Ezekia ana karakana ya milango. Anataka nikae ndani na mama yake, mahali pa mama wa ubatizo. Ana furaha hadi anakanyaga vikombe. Nilimwambia mgongo unaniuma, tutaona.

Mgongo hauniumi.

Jumamosi, 22 Februari

Sikwenda.

Niliwaona wakishuka kwenye gari, wazee wanne na mama mmoja mwenye kilemba cha kijani. Walikaribishwa kwa nyimbo. Nilikaa mlangoni kwangu nikasikia vigelegele, nikafikiria kwamba ulanzi unaomiminwa pale, mwingine ni wangu. Wazo hilo lilinipanda kichwani kama homa.

Kisha nikaona mbwa hayupo. Alikuwa kule, amelala katikati ya wageni.

Nilikwenda kwenye mfereji nikaita. Nitaandika ukweli. Mbwa alinyanyua kichwa niliposema mara ya kwanza, na angekuja. Niliendelea kuita kabla hajasimama. Rudisha. Rudisha wewe. Rudisha nimesema. Nyimbo zikakatika. Yule mama wa kilemba akageuka akanitazama, halafu akamwinamia Mama Seve akamuuliza kitu. Mama Seve alimjibu, sikusikia alichosema. Mbwa alipofika kwangu nilikuwa nimeshaanza kujisikia vibaya, lakini nilimfungia jikoni nikajiambia nilikuwa naita mbwa tu.

Wageni waliondoka mapema. Wamepita kilabuni, na kilabuni kuna midomo.

Jumamosi, 1 Machi

Kimya kutoka Mafinga.

Jumanne, 4 Machi

Severina amekuja. Hakukaa. Macho yamevimba. Wazee wa Didas wamesema wanatafakari kwanza, na Didas hapokei simu. Aliniuliza swali moja tu.

"Mama, baba amekosa nini?"

Nilimwambia akamuulize baba yake. Akasema ameshamuuliza, na baba yake amemwambia amwache Nesi, Nesi ana msiba. Nilichukia kusikia hivyo. Mwizi ananionea huruma mimi? Lakini mtoto alipoondoka niliosha sufuria moja hadi maji yakapoa, na nilikuwa najua kwamba siku ile ya ubatizo niliapa mbele ya padri kumlinda yule binti.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Majivu. Mama Seve alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Aligeuka akaona ni mimi, akahama mstari.

Jumatatu, 10 Machi

Mbeta tupu. Mbwa anaangalia juu.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa mbwa.

Alfajiri hakuwa kwenye gunia lake. Nimechukua kisu nikaenda mianzini, ukungu mzito hadi mianzi haionekani ncha. Nilimkuta amelala kando ya mbeta, ametulia, na ubavuni mwake kuna kitu chenye manyoya. Mkia mrefu, vidole kama vya mtoto mchanga, tumbo limevimba. Kinywa kilikuwa wazi kinanuka ulanzi. Nimekishika kifuani kwa mazoea ya kazi. Mapigo yapo, ya taratibu, ya mtu aliyekunywa akazidiwa.

Komba. Maisha yangu yote nimesema fulani amelewa kama komba, na sikuwahi kumwona komba aliyelewa.

Juu yangu kitu kikasogea. Nikaangalia juu, mahali mbwa alipokuwa akiangalia tangu mwezi wa pili. Mwingine alikuwa amening'inia kwa miguu, kichwa kizima ndani ya mbeta yangu, anakunywa kwa haki yake yote. Na mwingine mdogo juu zaidi akafungua kinywa akalia. Kile kilio. Kinapanda, kinashuka. Mtoto wangu wa msokoto wa tumbo.

Nilikaa chini kwenye matope.

Nilipoinua uso Sosthenes alikuwa amesimama ng'ambo ya mfereji. Kisu mkono mmoja, mbeta mkono mwingine, ameigeuza mdomo chini, haitoki hata tone. Sijui alikuwa pale tangu lini. Tulitazamana.

"Kamwene, Nesi," akasema.

"Kamwene, Baba Seve."

"Kumbe ni hawa."

Nilimuuliza kama na zake zinanywewa. Akasema tangu mwezi wa kwanza, nyingine hazibaki hata na tone la kuonja. Nikamuuliza, na sauti yangu sikuitambua, kwa nini hakusema siku zote hizo. Akafuta kisu kwenye suruali, upande huu na upande huu.

"Nilidhani ni wewe."

Halafu akaeleza, bila haraka, kama anavyoeleza mambo ya shamba. Alikuja siku moja alfajiri kuchungulia mbeta zangu. Alijiambia akikuta zangu zimejaa na zake tupu, basi anayekunywa zake ni mimi. Alichungulia za mbele akakuta zimejaa. Za nyuma, zilizokuwa tupu, hakufika.

"Nilirudi nikamwambia Mama Seve, msiba umemwelemea jirani yetu, ameanza kunywa. Tumwache anywe, ulanzi ni maji tu. Mwakani atakuwa amepoa."

Nilitamani ukungu ule unifunike nisionekane tena. Mtu huyu aliona mbeta tupu, akaona jirani, akafikiria vibaya kama nilivyofikiria mimi. Kosa letu lilikuwa moja. Halafu yeye akanyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikaenda hadi Mbeya kutafuta mbwa.

"Na wewe ulidhani ni mimi," akasema. Hakuwa anauliza.

Neno nisamehe nimewafundisha wagonjwa waliogombana kitanda kwa kitanda.  Leo nilipolitoa lilitoka dogo. Akasema kwake yeye yameisha. Kwa Mama Seve hajui, kwa Seve hajui, hilo nitafute mwenyewe. Mbwa akaruka mfereji akaenda kumsindikiza.

Sikumwita. Nilifungua mdomo nikaona kwamba kumwita mbwa wangu ni lazima niseme neno lile, kwa mtu yule, mgongoni kwake. Nilifunga mdomo.

Alhamisi, 20 Machi

Tomi. Simba. Bosi. Nimejaribu kutwa nzima, na nyama mkononi. Anaangalia nyama, haangalii mimi. Jioni nimenong'ona Rudisha ndani ya jiko, mlango umefungwa, akaja akaweka kichwa kwenye kiatu.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimefanya jambo baya kuliko lile la kwanza, au nilikaribia kulifanya.

Nilimpigia simu Anyelwisye. Nilimwambia mbwa hafai kulinda, nitamrudisha kwa pikapu ya wiki ijayo. Niliongea kwa ustaarabu, sauti ya ofisini. Nilikuwa nimeshapanga: mbwa akiondoka, jina linaondoka, nami nitapita njiani bila watu kukumbuka. Anyelwisye alisikiliza hadi mwisho. Hakunigombeza.

"Sawa mama, mlete. Ila nieleze nimwandalie. Amekosa nini?"

Swali lile lile la Severina. Nilimtazama amelala mlangoni na ile miguu yake ya kigoda. Alitupwa Makongolosi kwa sababu watu walihama. Huku alikuwa anatupwa kwa sababu mimi naona aibu. Yeye peke yake ndiye aliyejua mwizi ni nani, na alinionyesha kila siku kwa kadiri alivyoweza.

Nimemwambia Anyelwisye hajakosa kitu. Simrudishi. Akasema ndaga, mama, yaani asante kwa Kinyakyusa, akakata simu. Nimelia hadi nimepata kwikwi, mtu mzima kama mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Sosthenes amekuja na matawi ya miiba akafunga midomo ya mbeta zake na zangu, komba wasiingize kichwa. Tumefanya kazi bila mazungumzo. Nilimpa chai. Alikunywa amesimama.

Ijumaa, 28 Machi

Njia ya Msalaba ya jumuiya. Ilipokwisha nikaomba kusema. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya heshima, nimeyasahau yote. Nikasema: jina la mbwa wangu nililichagua kumwambia Baba Seve mwizi. Hakuiba. Walikunywa komba. Mimi mama wa ubatizo wa Severina nimelichafua jina la baba yake mbele ya washenga, nikijua ninachofanya.

Nilipofika kwenye komba watu walianza kucheka. Mzee Abrahamu alicheka hadi akashika ukuta. Wengine waliniambia baadaye nimesimulia vizuri sana. Kicheko kile kiliniuma kuliko kama wangenizomea, kwa sababu kiligeuza dhambi yangu kuwa kichekesho. Mama Seve peke yake hakucheka. Alifunga kanga yake akatoka. Nilishukuru kwamba kuna mmoja aliyenichukulia kwa uzito niliostahili.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda Mafinga peke yangu. Karakana ya mzee Ezekia iko nyuma ya malori, maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Didas alikuwa anapiga randa mlango, aliponiona akaingia ndani. Baba yake aliniletea kigoda nikakataa kukaa hadi nimalize.

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akisugua ubao kwa kidole, akitafuta mikwaruzo. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Mama, siyo ulanzi. Ulanzi nani asiyeiba akiwa na kiu. Tulimuuliza mama mwenye nyumba, yule anayeita pale ni nani? Akasema ni mama wa ubatizo wa bibi harusi. Ndipo tukaogopa. Angeita mtu mwingine tusingesikia."

Yaani walichokiamini ni mimi. Ule wema wangu wa miaka yote, zile sindano nilizochoma watoto wa watu, ule mlango wangu ambao haukufungwa kwa mgonjwa, ndio nilioutumia kumpiga Sosthenes. Nilikaa sasa kwenye kigoda, hata bila kukaribishwa tena.

Mzee Ezekia hakuahidi kitu. Alisema watazungumza. Aliniagiza niwasalimie.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimefunga. Mvua imepungua.

Jumanne, 22 Aprili

Severina alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama, Jumamosi wageni wanakuja tena. Safari hii usiumwe mgongo."

Akaondoka kabla sijamjibu. Nadhani alikuwa anatabasamu, lakini sina hakika, naye ana haki ya kutotabasamu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikwenda mapema nikasaidia kumenya ndizi. Mama Seve alinipa kisu bila kunitazama, na nilimenya nilichopewa. Mbwa nilimfungia nyumbani. Alitoka, sijui kwa wapi, na wageni walipokuwa wameketi tu akaingia akajilaza katikati ya mkeka kama yeye ndiye aliyealikwa.

Mzee Ezekia akamtazama. Akasema, "Huyu ndiye yeye?"

 Nikasema ndiye.

"Miguu hii alipimiwa na fundi gani? Hebu muite tumsikie."

Sosthenes aliangalia kikombe chake. Severina alinitazama mimi. Mama Seve alisimama na trei mlangoni, haingii wala hatoki. Nimekata vitovu vya watoto taa zimezimika na sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Nilisimama, kwa sababu jambo kama lile halisemwi mtu ameketi.

"Anaitwa Rudisha," nikasema. "Nilimwita hivyo kumsingizia mwenye nyumba hii. Ninayepaswa kurudisha ni mimi, na sijui kama nitaweza."

Mbwa aliposikia jina akaja akaweka kichwa kwenye kiatu changu. Mzee Ezekia hakucheka. Akasema haya, tuendelee na kilichotuleta. Wakaendelea. Harusi ni mwezi wa nane, baada ya mavuno.

Jumamosi, 3 Mei

Mianzi imeacha kutoa. Nimeteremsha mbeta nikazianika. Komba wamehamia bondeni, usiku nawasikia kwa mbali.

Jumamosi, 10 Mei

Baridi imeanza. Tangu siku ile ya ukungu sijawahi kuita tena kwa sauti. Jioni mbwa akiwa kwa Sosthenes, na kila jioni yuko kwa Sosthenes, navuka mfereji namfuata kwa miguu. Nasalimia, Mama Seve anaitikia, basi. Hajawahi kunikaribisha kukaa. Na jina la mbwa hajalitia mdomoni hata siku moja, akimtaja anasema mbwa wa Nesi. Niliwahi kusikia kwa Severina kwamba ameapa hivyo.

Leo nilimkuta ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo, mbwa amelala miguuni pake, sikio moja juu. Nilisalimia nikasimama pale pale kwenye ua kama kawaida yangu, nikisubiri mbwa anione mwenyewe. Hakuniona. Alikuwa amesinzia.

Mama Seve alitupa punje iliyooza, akachagua nyingine, hakunyanyua macho.

"Rudisha," akasema, "umefuatwa."

Mbwa aliinuka akajinyoosha, akanijia. Nikasema asante Mama Seve, nikarudi naye nyumbani taratibu kwa ajili ya miguu yake.